Medusa anapokutazama, nani amepiga picha?

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinikatiza katikati ya somo la vitenzi. Nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi mbili: "Mama alipiga picha" na "Mama alipigwa picha." Nikaeleza, kwa ile sauti yetu walimu ya kujiamini, kwamba katika ya kwanza mama ndiye aliyeshika kamera, na katika ya pili mama ndiye aliyesimama mbele yake. Yule binti akainua mkono. "Mwalimu, lakini mamangu husema, 'Hii picha nilipiga studio wiki moja kabla ya harusi.' Na kamera hakuigusa." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyepatikana.

Nimelitafakari swali hilo kwa siku kadhaa. Sarufi ya vitabuni humpa mwenye kamera utendaji wote, na aliye mbele ya kamera humwachia kauli ya kutendwa. Mazungumzo yetu hayakubali. Mama yule alichagua gauni, akasuka nywele, akalipa pesa zake, akaketi alivyotaka kuketi. Kwa nini asiseme alipiga picha? Hata hivyo, si kila anayeketi mbele ya kamera hupewa nafasi hiyo. Wako wanawake ambao kwa karne nyingi wamepigwa tu: wamechorwa, wamechongwa, wamesimuliwa, na hawakuulizwa lolote. Walio mashuhuri zaidi miongoni mwao ni wanawake wa visasili vya Wayunani na Warumi. Ndiyo maana leo nataka tuzitazame picha za mwanamke mmoja wa London aliyejaribu kuwatoa katika kauli hiyo ya kutendwa. Alifika wapi, na alikwama wapi?

Mwanamke huyo alijulikana kama Madame Yevonde. Alizaliwa mwaka wa 1893, akajiunga na harakati za wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura angali msichana, akajifunza upigaji picha kwa mpiga picha mwanamke, Lallie Charles, na mwaka wa 1914, akiwa na umri wa miaka 21, akafungua studio yake mwenyewe. Mwaka wa 1921 alisimama mbele ya wapiga picha wenzake, wengi wao wanaume, akatetea nafasi ya mwanamke katika upigaji wa picha za watu. Lakini kilichompa nafasi katika historia ni rangi. Katika miaka ya 1930 wapiga picha waliojiona kuwa makini waliidharau rangi. Kwao sanaa ilikuwa nyeusi na nyeupe, na rangi waliiachia matangazo ya sabuni. Yevonde akaifuata hiyo hiyo iliyodharauliwa.

Njia aliyoitumia iliitwa Vivex, na haikuwa mchezo. Picha moja ilihitaji negativu tatu, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kichujio cha rangi yake. Kutokana na hizo zilitolewa nakala tatu, ya samawati, ya manjano na ya rangi ya waridi iliyokolea, kisha zikalazwa moja juu ya nyingine kwa uangalifu mkubwa. Zikipishana hata kidogo, sura yote inavurugika. Juu ya hayo, Yevonde aliziwekea taa zake karatasi za rangi ili nyuso zigeuke kijani au buluu, jambo ambalo fundi wa kawaida angeliona ni kuharibu kazi. Huko ndiko kufanya majaribio: chombo kilichoundwa kuonyesha rangi halisi ya ngozi, yeye akakitumia kuonyesha rangi ambayo ngozi haina.

Mwezi Machi mwaka wa 1935 matajiri wa London walifanya karamu ya hisani katika hoteli ya Claridge's, wageni wakavalia kama miungu ya kale. Karamu hiyo ilimpa Yevonde wazo. Akawaalika wanawake wa tabaka la juu studioni, akawageuza mmoja mmoja kuwa Medusa, Niobe, Minerva, Europa, Helen wa Troy na wengineo, na Julai mwaka huo huo akawaonyesha hadharani. Mfululizo huo huitwa Miungu wa Kike.

Hebu tuanze na Medusa. Tukimfuata Ovid, mshairi wa Kirumi, Medusa alikuwa msichana mwenye nywele za kupendeza. Mungu wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la Minerva. Aliyeadhibiwa si mungu wa bahari. Minerva alimwadhibu msichana: nywele zake zikawa nyoka, na kila aliyemtazama akawa jiwe. Baadaye shujaa Perseus alimkata kichwa, na hila aliyoitumia ndiyo inayonivutia. Hakumtazama moja kwa moja. Alitazama taswira yake katika ngao iliyong'aa. Ukifikiri vizuri, ngao ile ilikuwa kamera. Ilimpa mwanamume uwezo wa kumwona mwanamke bila mwanamke yule kumrudishia jicho. Wachoraji na wachongaji waliofuata waliendelea kuishika ngao hiyo hiyo, na kazi zao zimejaa kichwa kilichokatwa, mdomo wazi, damu ikitiririka.

Katika picha ya Yevonde kichwa hakijakatwa. Medusa yu hai, amejaa fremu nzima. Nyoka ni wa mpira, na hilo halifichwi sana. Uso umepaushwa kwa vipodozi, na macho yamemkazia mtazamaji pasipo kupepesa. Hakuna Perseus. Ngao sasa imeshikwa na mwanamke mwenziwe, na kwa hiyo aliye katika hatari ya kugeuka jiwe ni mimi na wewe tunaoitazama. Kisa hakikubadilishwa hata neno. Kilichobadilika ni nani anamtazama nani. Kwangu mimi hapo ndipo ufasiri mpya ulipo, wala hauko katika nyoka wa mpira.

Niobe naye amefasiriwa kwa ujasiri wa namna nyingine. Huyu alijigamba kuwa na watoto wengi kuliko mama yake Apollo na Artemis, nao miungu hao wawili wakawaua watoto wake wote. Niobe akalia hata akageuka jiwe linalotiririsha machozi. Sanaa ya kale hupenda kutuonyesha maiti za watoto na mama akiwafunika kwa vazi lake. Yevonde ameondoa maiti, ameondoa vazi, ameondoa hata nywele nyingi za kichwani. Amebakisha uso peke yake, kwa karibu mno kiasi cha kukukosesha raha. Machozi ni ya gliserini, lakini maumivu hayajifichi. Hatuelezwi tena kwamba huyu ni mwanamke mwenye kiburi aliyepata alichostahili. Tunamwona mzazi aliyefiwa, na hukumu ya miungu inaanza kunuka ukatili.

Minerva amevaa kofia ya chuma, ana bastola, na kando yake kuna bundi aliyekaushwa. Msomaji wa huku kwetu atashtuka kidogo, kwa kuwa bundi tunamjua kama mleta habari mbaya, ilhali kwa Warumi alikuwa ndege wa hekima. Mimi nilipoitazama bastola ile nikakumbuka ni Minerva huyu huyu aliyemwadhibu Medusa kwa kosa la mwanamume. Wote wawili wamo katika mfululizo mmoja, aliyeonewa na aliyemwonea, wote wanawake. Mwaka wa 1935, Ulaya ikinusa vita, hekima yenye bastola haikuwa mzaha.

Je, kazi yote ina kiwango hicho? La. Europa katika kisasili alitekwa na Zeus aliyejigeuza fahali. Kiini cha kisa ni utekaji na unajisi. Katika picha yake tunamwona bibi mrembo aliyetulia kando ya kichwa cha fahali, kana kwamba wamekutana kwenye maonyesho ya kilimo. Rangi inapendeza, kisa kimezikwa. Penthesilea, malkia wa mashujaa wa kike, ameonyeshwa akifa, mshale shingoni, kichwa kimelegea nyuma na midomo imeachama. Ni picha ya kuvutia, na mashaka yangu yanaanzia hapo hapo. Kifo cha shujaa kimefanywa kipendeze macho, jambo ambalo wachoraji wanaume walikuwa wakilifanya tangu jadi. Kushika kamera kwa mwanamke hakutoshi kuifanya picha iwe na jicho jipya.

Yupo wa kumlinganisha naye. Miaka 70 hivi kabla yake, Julia Margaret Cameron, aliyepata kamera ya kwanza akiwa na umri wa miaka 48, alikuwa akifanya majaribio yake katika kisiwa cha Wight. Wapiga picha wa wakati wake walimcheka kwa sababu picha zake zilikuwa na ukungu na alama za vidole. Alipotaka kumpiga Sappho, mshairi mkuu wa kike wa Wayunani, hakwenda kumtafuta binti wa ukoo wa kifalme. Alimwita mtumishi wake wa nyumbani, Mary Hillier. Msichana wa kufagia na kupiga pasi akawa Sappho. Yevonde, pamoja na siasa zake zote za haki za wanawake, miungu yake aliitafuta kwa wenye mali. Kwa Cameron tabaka linavunjwa, kwa Yevonde linapambwa.

Hata hivyo, kasoro inayonikera zaidi haimo ndani ya picha. Imo chini yake, kwenye anwani. Medusa yule mwenye macho ya kutisha anaitwa "Mrs Edward Mayer kama Medusa". Minerva ni "Mrs Michael Balcon". Niobe ni "Lady Malcolm Campbell", na huyo Malcolm ni mumewe, yule aliyevunja rekodi za mwendo kasi wa magari. Ala! Mwanamke amepewa uwezo wa kuwageuza watu mawe, ila hakupewa jina lake mwenyewe. Ndivyo desturi ya Kiingereza ya tabaka lile ilivyodai, na Yevonde, mwenye studio anayetegemea wateja, akaifuata. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameolewa na mwandishi Edgar Middleton, na kazi yake hakuitia saini kwa jina la mume wala la baba. Alitumia Yevonde, basi. Kamera yake ilikuwa imeshafika mbali kuliko lugha iliyoandikwa chini ya picha zake.

Hili si la Waingereza peke yao. Sisi wa darasa la fasihi tuna anwani zetu pia. Kila mwaka tunawauliza watahiniwa wajadili "taswira ya mwanamke" katika riwaya au tamthilia fulani. Nao hujibu kwa orodha waliyoikariri: mwanamke ni mvumilivu, ni msaliti, ni chombo cha starehe, ni mtetezi wa haki. Maksi zinatolewa, maisha yanaendelea. Tunasahau kwamba taswira, kama sura, ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kutia umbo. Umbo halijitii lenyewe. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: nani anasawiri, na amesimama wapi?

Mfano ulio karibu ni Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mtunzi wa utendi aliomwachia binti yake mwaka wa 1858. Tumezoea kumbandika anwani moja tu, ya mwanamke anayefunza utiifu kwa mume, na tukiishaibandika hatusomi tena. Ziko sauti za wahakiki waliouliza iwapo mama yule, mgonjwa, mwenye kujua maisha, alikuwa akimpa bintiye mbinu za kuishi katika nyumba ambayo sheria zake hakuzitunga yeye. Unaweza kukubaliana nao au kuwakatalia. Ila angalau swali hilo linamwondoa Mwana Kupona katika kauli ya kutendwa na kumrudisha kwenye kalamu aliyoishika. Na tukumbuke, yeye jina lake tunalo.

Mwaka wa 2021 jumba la National Portrait Gallery jijini London lilinunua negativu za rangi za Yevonde, na mwaka wa 2023 likazifanyia maonyesho makubwa. Watu wengi wamezipenda kwa rangi, nami siwalaumu. Ombi langu kwa yeyote atakayezitazama ni kwamba baada ya kushangilia rangi asome na maandishi ya chini, aulize mwenye uso ule aliitwa nani kabla hajaitwa mke wa fulani.

Nilirudi darasani Jumatatu. Nikamwambia yule binti kwamba katika mtihani aandike "Mama alipigwa picha", maana msahihishaji hana muda wa falsafa. Kisha nikamwambia kwamba mamake hakukosea, na nikamwomba amuulize hadithi ya siku ile ya studio: nani alichagua gauni, nani alimwambia ainue kidevu, na nyuma ya picha kumeandikwa jina gani. Aliniletea jibu kesho yake. Nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino wa buluu, mama alikuwa ameandika jina lake la usichana.