Nafasi Kati ya Mtu na Mtu: Kuusoma Mlango wa Conques

Conques ni kijiji cha mkoa wa Aveyron, kusini mwa Ufaransa, ambacho wakazi wake hawafiki 300. Nyumba zake za mawe na mbao zimepandana kwenye mteremko ulio juu ya bonde la mto Dourdou. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kombe la baharini, na wenyeji hulihusisha na bonde lenyewe, lililobonyea kama kombe hilo. Mwaka 2016 Conques iliunganishwa na vijiji vitatu jirani kuwa halmashauri moja, Conques-en-Rouergue, na kwa njia hiyo jina la jimbo la kale la Rouergue likarudi kwenye ramani.

Urithi wake mkubwa uko juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Mtakatifu Foy. Ni nusu duara ya mawe yenye upana wa karibu mita 7, iliyochongwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, yenye watu, malaika na mapepo 124. Mabaki ya rangi ya buluu na nyekundu bado yanaonekana. Maudhui yake ni Hukumu ya Mwisho. Maudhui hayo hayakuwa mapya, kwani katika karne hiyohiyo yalichongwa pia Autun, huko Burgundy. Kilichoitenga kazi ya Conques ni fani, na katika fani hiyo nataka kusisitiza jambo moja: mchongaji huyu amehubiri kwa nafasi aliyoiacha kati ya mtu na mtu.

Tuanze na muundo. Kristo ameketi katikati, mkubwa kuliko wote. Mkono wake wa kuume umeinuliwa, wa kushoto umeshushwa. Mikono hiyo miwili inachora mstari mmoja wa mshazari, na mstari huo ndio unaoigawa kazi nzima. Waliookolewa wako kuumeni kwake, yaani kushoto kwetu sisi tunaotazama. Waliopotea wako upande wa pili. Kisha kazi imekatwa kwa mlalo kuwa tabaka tatu, na kati ya tabaka hizo zimepita kanda nyembamba za maandishi ya Kilatini.

Upande wa waliookolewa, watu wanatembea kwa msafara kumwelekea Kristo. Ametangulia Bikira Maria, akafuata Petro na ufunguo wake, kisha mkaapweke Dadon, ambaye mapokeo humtaja kuwa mwanzilishi wa Conques. Nyuma yao abati amemshika mkono mfalme, naye ni Charlemagne, aliyekumbukwa hapo kama mfadhili. Kila mmoja ana mahali pa kuweka mguu. Tabaka la chini limejengwa kwa matao, na chini ya matao hayo waliobarikiwa wameketi wawiliwawili, Ibrahimu akiwa katikati.

Vuka sasa upande wa pili. Hakuna tao, hakuna msafara. Miili imebanana, imepindana, na miguu ya mmoja iko kichwani pa mwingine. Shujaa wa vita katika vazi lake la chuma anaporomoka kutoka kwenye farasi, kichwa kikitangulia. Bahili ananing'inia, mfuko wa fedha ukiwa shingoni. Watawa wamenaswa wavuni. Shetani ameketi katikati, mahali palepale ambapo upande wa pili ameketi Ibrahimu. Ulinganifu huo ni wa makusudi: jengo ni lilelile, wenyeji wa nyumba ndio tofauti.

Mahali pa kukaza macho zaidi ni chini ya miguu ya Kristo. Malaika mkuu Mikaeli na pepo wametazamana uso kwa uso, mizani ikiwa kati yao, na pepo anakandamiza sahani kwa kidole ili aibe uzito. Chini yao ipo milango miwili, iliyochongwa pamoja na vyuma vyake. Kwenye mlango wa Peponi malaika amempokea mtu kwa kumshika mkono. Kwenye mlango wa Jehanamu pepo mwenye rungu anawasukuma watu ndani ya kinywa cha joka. Mshiko mmoja na msukumo mmoja, vimetengwa kwa ukuta mwembamba tu. Sijui kazi nyingine ya zama zile iliyoieleza tofauti ya wema na uovu kwa vitendo vichache namna hii.

Wapo wanaosema kwamba mchongaji aliishiwa ubunifu alipofika Peponi, kwa kuwa Jehanamu yake ina visa vingi na Pepo yake imetulia mno. Nadhani wanahesabu visa na kusahau kutazama mikono. Kwa waliookolewa, mikono iko huru: mmoja ameshika ufunguo, mwingine fimbo, mwingine mkono wa mwenzake. Kwa waliopotea, viungo vimeshikwa na wengine. Utulivu wa upande wa kwanza ni uhuru uliochongwa, na hauwezi kuonekana pasipo nafasi tupu kuzunguka kila mtu.

Maandishi nayo yanafuata kanuni hiyohiyo ya mpangilio. Ni mishororo ya kishairi ambayo neno la katikati hulingana kwa sauti na neno la mwisho. Msomaji aliyezoea vina vya kati na vya mwisho katika ushairi wetu ataitambua mara moja kazi ya ufundi huo: unasaidia kumbukumbu. Mstari wa chini kabisa unawageukia wapitao mlangoni na kuwaonya wenye dhambi kwamba, wasipobadili mwenendo, hukumu ngumu inawangoja. Hujaji aliyekuwa njiani kwenda Santiago de Compostela aliweza kuondoka na onyo hilo kichwani.

Lakini mchongaji hakukubali hukumu ibaki jambo la mbali. Upande wa waliookolewa, katika pembe ndogo, amemweka Mtakatifu Foy akiwa amesujudu mbele ya mkono wa Mungu. Nyuma yake zinaning'inia pingu kwenye matao. Foy alikuwa binti aliyeuawa kwa imani yake huko Agen, na masalia yake yaliibwa na mtawa wa Conques katika karne ya 9. Aliaminiwa kuwafungua wafungwa, nao walileta minyororo yao kanisani kwake kama shukrani. Kwa hiyo pingu zile ni historia ya kijiji, na zinatimiza hoja ya kazi nzima: wokovu ni kufunguliwa.

Karne nane baadaye, Pierre Soulages, mchoraji aliyezaliwa Rodez jirani na hapo, alipewa kazi ya vioo vya kanisa hilo. Kati ya 1987 na 1994 alitengeneza madirisha 104 kwa kioo kisicho na rangi, pasipo sura ya mtu hata mmoja, ila mistari ya risasi iliyopinda kidogo. Wapo waliomlaumu kwa kuvunja mapokeo. Kwangu mimi ndiye aliyemsoma vizuri zaidi yule mchongaji asiyejulikana jina. Aliona kwamba nguvu ya Conques haiko katika wingi wa sura, iko katika kujua pa kuacha wazi. Fani ya mlango ule si pambo la mahubiri. Ukiuondoa mpangilio wake, ukawapanga watu walewale bila nafasi, hukumu yenyewe inapoteza maana, kwa kuwa hakutakuwa tena na tofauti kati ya aliyeokolewa na aliyepotea.