Mpaka Baba Aseme

Kila siku mtoto Salim anapita katika mitaa ya mji wa Unguja amebeba kikapu. Ndani mna chakula alichopika mama yake, Saida. Anakipeleka Mwembeladu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la Khamis, anakoishi baba yake, Masud. Anaacha chakula, anachukua vyombo vya jana, anarudi nyumbani. Baba hasemi neno la maana. Mama naye hasemi. Salim alikuwa na miaka saba baba alipohama nyumbani, na hakuna aliyemketisha chini akamweleza kwa nini mume aliyeondoka bado anapikiwa, wala kwa nini mama anapika kwa uangalifu wote ule kwa ajili ya mtu asiyemtazama tena usoni.

Kikapu hicho ndicho kinachoibeba Gravel Heart, riwaya ya tisa ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2017, miaka minne kabla mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kila ninapoirudia ninastaajabia ufundi uleule: namna anavyoishika siri ya nyumba moja, asiitoe mapema, na bado asimhadae msomaji. Nataka kuusifu ufundi huo. Siwezi kuusifu bila kuitaja siri yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuigundua mwenyewe na akaisome riwaya kwanza.

Mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba mtoto ameumia ana njia nyingi za mkato: ndoto mbaya, kilio cha usiku, alama za kiboko mgongoni. Gurnah anampa Salim kazi ya kutumwa. Kutuma chakula kwa mkono wa mtoto ni jambo la kila siku pwani. Ramadhani ndiyo usiseme, sahani hupishana milangoni tangu alasiri. Jirani akimwona Salim njiani haoni cha ajabu. Anayeona ni msomaji, polepole, kwamba mtoto huyu amefanywa mjumbe wa watu wazima wawili wasioweza kuonana, na kwamba ujumbe anaoubeba hajui kuusoma. Hakuna kurudiana katika chakula kile, wala hakuna kukatana. Kuna mke anayeomba radhi kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwake, na mume ambaye hakubali wala hakatai, bali anakula. Yote hayo Gurnah hayaelezi hata mara moja. Anakiacha kikapu kiende na kurudi, miaka na miaka, mpaka uzito wake tunausikia sisi.

Siri yenyewe ni hii. Saida ana mdogo wake, Amir, mjomba wa Salim, kijana mchangamfu na kipenzi cha nyumba. Baba yao alichukuliwa wakati wa Mapinduzi ya 1964 na hakurudi, na tangu hapo Saida amemwona Amir kuwa amana aliyoachiwa. Amir anajiingiza katika mapenzi na Asha, msichana mdogo wa familia yenye nguvu serikalini. Anakamatwa. Saida anakwenda kumwombea mdogo wake kwa Hakim, kaka yake Asha, mtu mwenye madaraka, na Hakim anataja bei: Saida mwenyewe. Anakubali. Jambo ambalo lingekuwa la siku moja linageuka kuwa la kuendelea, na linazaa mtoto, Munira. Masud anafungasha vitu vyake na kwenda Mwembeladu. Amir anatoka kifungoni, anasonga mbele, anakuwa mwanadiplomasia, na anamwoa Asha.

Nimeyasema kwa mistari michache. Gurnah anayachelewesha karibu kitabu kizima, na hapa ndipo mwandishi mwepesi angeanguka. Kuchelewesha siri kunaweza kuwa ujanja mtupu, msimulizi akijua kila kitu na kukusudia kutuzungusha. Salim hatuzungushi. Anasimulia alichokiona kwa macho ya umri aliokuwa nao: mwanamume mkubwa ambaye jina lake linabadilisha hewa ya chumba, mama anayeficha huzuni yake, mdogo wa kike anayezaliwa, mjomba ambaye mambo yanamnyookea bila sababu kutolewa. Alama zote zipo mezani. Msomaji mtu mzima anaanza kushuku kabla ya mtoto, na kuanzia hapo kusoma kunauma, kwa sababu tunamwona Salim akijilaumu kwa jambo ambalo sisi tumeshaanza kulifahamu. Mtoto asiyeelezwa kwa nini baba ameondoka hujitafutia maelezo, na la kwanza analoliokota ni kwamba baba hamtaki. Kitabu kinafunguka na imani hiyo hiyo, na kurasa zote zinazofuata ni safari ya kuing'oa.

Kwetu mambo ya ndani husitiriwa, na mimi si katika wanaoidharau sitara. Imezuia ndoa zisivunjike hadharani na imewaokoa wengi na midomo ya mtaa. Lakini sitara ya watu wazima ina mlipaji, na mara nyingi mlipaji ni mtoto. Anaambiwa haya hayakuhusu, na kumbe yanamhusu kuliko yeyote, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi nayo muda mrefu zaidi. Ninachokiheshimu kwa Gurnah ni kwamba haikejeli aibu ya Saida na Masud. Anaelewa kwa nini walinyamaza. Aliyekua Unguja ya miaka ile alijua kwamba neno moja mbele ya mtu asiyefaa lingeweza kumpeleka ndugu yako usikokujua. Kimya cha nyumba ile kina khofu ya kisiasa ndani yake pamoja na fedheha ya kitanda.

Sehemu ya katikati inahamia London. Mjomba Amir, sasa yuko ubalozini, anamchukua Salim akasome biashara. Ukarimu huo ni deni linalolipwa kwa mtu asiyejua kwamba anadai. Salim anashindwa masomo, anaondoka nyumbani kwa mjomba, anapanga vyumba vya wahamiaji, baadaye anasoma fasihi. Sitakaa sana hapa. London ya Gurnah, baridi yake na upweke wake, wasomaji wa vitabu vyake vya awali wanaijua. Kitu kimoja tu nakitaja, nacho ni barua. Salim anamwandikia mama yake. Baadhi ya barua anazituma, na hizo ni za mtoto mwema: niko salama, masomo yanaendelea. Nyingine anaziandika na hazitumi, na humo ndimo anamosema. Kwa barua hizo mwandishi anaonyesha, bila sentensi moja ya maelezo, kwamba kimya cha nyumbani kimerithiwa. Mama alimfundisha mwanawe kutosema, na mwana amefuzu.

Jina la kitabu limetoka kwa Shakespeare, katika Measure for Measure, tamthilia iliyochezwa mbele ya Mfalme James mwaka 1604, na si jina tu lililotoka huko. Mjini Vienna kijana Claudio amehukumiwa kufa kwa kumpa mchumba wake mimba. Dada yake, Isabella, anakwenda kumwombea kwa Angelo, anayekaimu utawala, na Angelo anataka mwili wake kuwa malipo. Kisa ni kilekile. Lakini Isabella anakataa, na Shakespeare anamwokoa kwa hila: mwanamke mwingine, Mariana, anaingia kitandani kwa niaba yake gizani, na mtawala wa kweli aliyekuwa amejificha katika mavazi ya mtawa anajitokeza mwishoni kuweka mambo sawa. Gurnah anaziondoa hila zote mbili. Hakuna Mariana katika ofisi za Unguja. Hakuna mtawala mwema aliyejificha. Anayedaiwa mwili anautoa kweli, na baada ya hapo watu wanaendelea kuishi, wanapika, wanafua, wanakwenda kazini. Kisha anamweka mtoto ndani ya nyumba hiyo. Swali ambalo tamthilia haikuliuliza, kwamba atakayekua katikati ya mapatano yale atakuwa mtu wa namna gani, ndilo riwaya nzima. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huu wa mwandishi wa Kiafrika kuchukua kisa cha Ulaya na kukilazimisha kijibu jambo letu.

Mama anakufa, na Salim anarudi. Baba, ambaye alikuwa amechukuliwa na baba yake mzazi, Maalim Yahya, kwenda Kuala Lumpur, naye amerudi Unguja. Sasa wanakaa, baba na mwana, na baba anasema. Mazungumzo yao ya usiku ndiyo kilele cha kitabu, na ndani yake hakuna mtu anayepiga kelele wala kuangukiana mabegani. Utazame mpango wa masimulizi ya Masud. Haanzi na Hakim. Haanzi na kosa. Anaanzia mbali, katika ujana wake, alivyompenda Saida, maisha yao yalivyokuwa kabla. Kabla mwana hajaambiwa kwamba mama yake alijitoa kwa mwanamume mwingine, anaambiwa kwamba mama yake alipendwa sana. Mpangilio huo ndio dawa. Habari ileile, ikianzia upande wa kosa, ingekuwa umbea, na Salim angeondoka na mama aliyevunjiwa heshima kaburini. Ikianzia upande wa mapenzi, inamrudishia wazazi wote wawili.

Nikiuweka usiku huo kando ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, naona tofauti inayonifikirisha. Kule Ukerewe baba Zakaria, mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na malezi yale ya khofu yanamfuata Rosa mpaka kwenye kifo. Kezilahabi hakuona mahali duniani ambapo baba yule na binti yule wangeweza kukaa wakaulizana. Aliwapeleka wote wawili mbele ya Mungu, na kesi yao ikasikilizwa huko. Ni mwisho wa ghadhabu, na una haki yake. Kuna nyumba ambazo hesabu yake haikamiliki hapa. Gurnah anaamini chumba kimoja na usiku mmoja baada ya mwingine vinaweza kutosha, kama aliye mkubwa atakubali kusema na aliye mdogo atakubali kusikiliza bila kukatiza. Alishaijaribu imani hiyo katika By the Sea ya mwaka 2001, ambako Saleh Omar na Latif Mahmud, watu ambao familia zao zilidhulumiana kule Zanzibar, wanakutana uzeeni na ukubwani katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza na kuwekana sawa kwa kusimuliana. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mtoto Yusuf, aliyetolewa na wazazi kufidia deni la baba, hakupata mazungumzo kama hayo, na kitabu kinamwacha akikimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Nafikiri Gravel Heart ni jibu la mwandishi kwa Yusuf wake mwenyewe: mtoto safari hii anaambiwa.

Nina neno moja na Gurnah, na nalisema kwa sababu kitabu hiki nakipenda. Saida hasemi. Tunayajua ya kwake kupitia kinywa cha mumewe, baada ya yeye kuzikwa. Aliyebeba uzito mkubwa kuliko wote, aliyepima maisha ya mdogo wake dhidi ya ndoa yake na kuamua peke yake, hakupewa usiku wake wa kusimulia. Nimejaribu kuutetea uamuzi huo wa kisanaa. Najua kwamba kifo chake ndicho kinachoufungua mdomo wa Masud, na kwamba wanawake wengi wa rika lake walikwenda na yao kaburini kweli. Bado nautamani ukurasa ambao angesema mwenyewe, hata kwa barua aliyoiandika asiitume, kama mwanawe.

Na patano lenyewe halimfikii kila mtu. Baba na mwana wanapatana. Amir hapatanishwi na yeyote. Hakuna kisa cha mjomba kupiga magoti akaomba radhi, wala Salim hatafuti kisa hicho. Wasomaji wanaopenda familia nzima ikutane kwenye mkeka mmoja mwishoni wataona kitabu kimepungukiwa. Mimi naona hapo ndipo kilipokuwa kikweli zaidi. Kupona kwa Salim hakukungoja aliyekosa akiri. Kulingoja ukweli tu, kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuusema.

Wapo vijana wanaoandika sasa riwaya za Kiswahili juu ya nyumba zilizowaumiza watoto wake, na nyumba hizo zipo tele, mijini na vijijini. Nawaomba waisome Gravel Heart kabla ya kuiandika sura ya msamaha. Watazame kikapu kilivyotangulia maelezo, barua zilivyogawanyika, na baba alivyoanza hadithi yake upande wa mapenzi. Kisha wamtafute mhusika wao aliye mkubwa, aliyenyamaza kwa kurasa mia mbili, wamkalishe, na wampe muda wote anaouhitaji kusema.