Kila Kanuni Ina Kwao

Mwanafunzi wa sekondari anayemfuata mwalimu, au kaka yake aliye kidato cha juu, na kusema "fomula hii siielewi", mara nyingi husaidiwa kwa namna moja. Huonyeshwa herufi ipi inapokea namba ipi, hufanyiwa mfano mmoja, kisha huachiwa maswali matano yanayofanana nao. Akipata majibu, huambiwa ameelewa. Lakini yeye aliuliza maana, akapewa matumizi. Swali lake limebaki palepale, likingoja mtihani uliotungwa kwa sura nyingine limwumbue. Wapo wasaidizi wenye ufundi tofauti. Hao, kabla ya kugusa namba yoyote, huirudisha kanuni kwao: humwonyesha mwanafunzi ilikotoka, kilichoizaa na mahali inapokoma. Ufundi huo hauhitaji maabara ya gharama wala hautolewi cheti, na labda ndiyo maana hausifiwi unavyostahili. Nami nashikilia kwamba huo ndio msaada wenyewe. Maswali yanayofuata baada yake ni mazoezi tu.

Tuchukue kanuni ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, ile ndefu yenye kipeuo na alama ya "jumlisha au toa", ambayo vijana huiimba hadi ikakaa kichwani. Katika karne ya 9, huko Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika tatizo ambalo leo tungeliweka hivi: x² + 10x = 39. Akalitatua kwa mchoro. Chora mraba wenye upande x. Ile 10x igawe katika mistatili miwili, kila mmoja una urefu x na upana 5. Ubandike mmoja ubavuni mwa mraba na mwingine chini yake. Umbo unalolipata lina eneo la 39, nalo ni mraba mkubwa uliopungukiwa na kona moja tu. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze: 39 na 25 ni 64, na mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Upande huo ni x + 5, basi x ni 3. Mwanafunzi aliyechora umbo hili kwa mkono wake anajua kipeuo kimeingiaje: tulitafuta upande wa mraba. Anajua kwa nini b, yaani ile 10, hugawanywa kwa 2, maana mistatili ilikuwa miwili. Na kwa nini mwishoni tunatoa, maana tuliondoa ule upana uliobandikwa. Anaweza hata kuona mpaka wa mchoro. Namba −13 nayo inautosheleza mlinganyo, ila hakuna upande wenye urefu hasi, na al-Khwarizmi aliishia kwenye 3. Alama ya "jumlisha au toa" inachukua jibu ambalo mchoro hauwezi kulibeba.

Katika fizikia ufundi huu unadai jambo la ziada, kwa kuwa kanuni za huko hazina asili moja. Msongamano ni masi kugawanya kwa ujazo: hayo ni makubaliano, hakuna cha kuthibitisha. Kanuni ya Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827, ilitokana na kupima umeme katika nyaya. Inashika vizuri kwenye waya wa metali ambao jotoridi lake halibadiliki, na inayumba kwenye uzi wa balbu unapowaka. Kanuni za mwendo ni za aina ya tatu, maana moja huzaliwa na nyingine. Chora grafu ya kasi dhidi ya wakati kwa kitu chenye mchapuko usiobadilika. Eneo lililo chini ya mstari ndio umbali, s: mstatili wa ut, ambapo u ni kasi ya mwanzo na t ni wakati, na juu yake pembetatu yenye kitako t na kimo at, a ikiwa mchapuko. Kumbe ile nusu katika s = ut + ½at², ambayo wengi huisahau kwenye chumba cha mtihani, ni ile nusu ya kanuni ya eneo la pembetatu tu. Kitabu huzipanga aina zote tatu ukurasa mmoja, ndani ya visanduku vinavyofanana, na mwanafunzi huzibeba zote kwa uzito uleule. Fundi huzitenga: hii tumekubaliana, hii imepimwa, hii unaweza kuitoa mwenyewe. Papo hapo mzigo unapungua.

Asili ya kanuni ndiyo pia inayoonyesha mipaka yake, na historia ya Tanzania ina ushahidi mzuri wa hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu, yaliyoingizwa kwenye jokofu yangali moto, yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa haiwezekani. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, swali lilelile, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakumzima kwa kanuni ya Newton ya kupoa, ambayo kwayo chenye moto zaidi kingechelewa. Aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 walichapisha matokeo pamoja. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu chanzo cha jambo hilo na hali zinazoliwezesha. Ila somo la ufundi liko wazi. Kanuni ya Newton inachukulia kwamba kitu kizima kina jotoridi moja na masi ileile. Lakini maji ya moto hutoa mvuke na huzunguka chomboni. Anayejua kanuni imesimama juu ya nini hana haja ya kumcheka anayeuliza.

Wapo watakaosema silabasi ni ndefu, darasa limejaa, na mtihani unataka jibu. Ni kweli, na walimu wanaobeba madarasa hayo wanastahili heshima. Lakini mchoro wa al-Khwarizmi unachukua sehemu ndogo ya kipindi, ilhali kurudia kukaririsha kanuni iliyosahaulika kunachukua kila muhula. Wengine watasema kukumbuka ni lazima, kwani hakuna anayeanza upya kila swali. Hilo nalikubali kabisa. Ninachodai ni kwamba kumbukumbu yenye asili hudumu, na ikipotea mwenyewe anajua pa kuitafuta. Tena wapo wanaohofia kwamba kufafanua kwa Kiswahili kutamchanganya mtoto atakayejibu mtihani kwa Kiingereza. Pembetatu iliyo chini ya grafu haibadiliki kwa lugha. Akishaielewa kwa lugha anayofikiria nayo, kuiandika kwa nyingine ni kazi nyepesi.

Faida ya mwisho inavuka shule. Muuguzi anayekokotoa dozi kwa uzito wa mtoto, na fundi anayechagua waya wa kupitisha umeme wa nyumba nzima, wote hutegemea kanuni ambazo wengine walizitafuta. Tunawahitaji watu wanaojua kuikataa kanuni inapotumika pasipo pake, na uwezo huo hauji kwa kubadilisha herufi kwa namba. Unajengwa na yule aliyesikia "siielewi", akavuta karatasi, akaanza mwanzo.