"Atenshan": Tahajia na Usikivu katika Albamu ya Blinky Bill

Mwaka 2018 Bill Sellanga, ajulikanaye kwa jina la kisanii la Blinky Bill, alitoa albamu yake ya kwanza kamili akiwa peke yake, Everyone's Just Winging It and Other Fly Tales. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kama mwimbaji wa Just a Band, kundi la Nairobi la muziki wa kielektroniki. Sauti za kinanda cha umeme, fanki na hip hop zinachanganywa humo kwa uhuru unaokumbusha wimbi jipya la Uingereza na Marekani la mwishoni mwa miaka ya 1970. Makala haya, hata hivyo, yanashughulikia jambo dogo zaidi, nalo ni tahajia.

Wimbo mmoja unaitwa "Atenshan". Neno ni la Kiingereza, lakini limeandikwa jinsi linavyosikika Nairobi. Kanuni za utohoaji zingelitaka liishie kwa irabu, kama stesheni na pensheni. Tulilinganishe na Makmende, shujaa wa video ya "Ha-He" ambayo kundi hilo lilitoa mwaka 2010. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilikuwa maneno matatu ya Kiingereza katika filamu ya Clint Eastwood, yakatua hivyo masikioni mwa watoto wa mitaa ya Nairobi. Makmende lilizunguka mitaani miaka mingi, likapata irabu ya mwisho na silabi nde isiyo ngeni kwa Mbantu yeyote. Limekwisha kumeng'enywa. "Atenshan" bado limo mdomoni, linatafunwa, na msanii ameliandika likiwa katika hali hiyo. Kwa mwanaisimu huo ni ushahidi wa thamani.

Kasoro ipo. Jina la albamu nzima, lenye kubeba falsafa yake kwamba kila mtu anabahatisha tu, limeachiwa Kiingereza. Kiswahili kimepewa majina ya nyimbo kama "Bado Mapema" na "Mungu Halali", yaani kauli zilizo tayari vinywani mwa dereva na mama mboga. Zinapendeza, lakini wazo jipya halikuaminiwa lugha hiyo. Naona hapo ujasiri wa msanii ulipungua.

Kwa nini tulijadili hili Juba? Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na katika vikao vya sera nimesikia mara kadhaa pendekezo la kufundisha Kiswahili kwa nyimbo. Kila mara orodha huwa ya nyimbo "safi". Ajabu ni kwamba mji huu unazungumza Kiarabu cha Juba, lugha iliyozaliwa katika kambi za kijeshi za karne ya 19 kwa njia hii hii ya sikio, bila shule. Vijana wengi waliorejea kutoka Kakuma na Nairobi wamekuja na Kiswahili walichokiokota vivyo hivyo. Mmoja wao, darasani kwangu, aliandika "atenshan" katika insha. Nilipiga mstari mwekundu. Aliniuliza iwapo mwandishi wa wimbo naye alikosea, nami sikuwa na jibu la haraka. Mtaala unaopendekezwa kwa shule zetu hauna budi kuwa nalo.