Dele Safi, Maji Haba

Jibondo ni jiwe. Kisiwa hiki kidogo cha wilaya ya Mafia kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hauwatunzii watu wake maji matamu. Kwa muda mrefu maji ya kunywa yalivunwa mvua iliponyesha, au yaliletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Kila dumu lilikuwa na safari yake. Mahali pa namna hii, anayeosha dele la kahawa likang'aa ndani na nje amefanya kazi inayostahili kusifiwa, nami ninaisifu kwa moyo wote.

Pwani yetu ina maneno mengi kwa mpishi wa kahawa. Tunamsifu aliyekaanga buni bila kuziunguza, aliyezitwanga, aliyejua kiasi cha tangawizi. Kahawa ikimiminwa kwenye vikombe vidogo barazani, kashata ikitafunwa, hakuna anayemuuliza aliyeliosha dele jana usiku. Lakini ladha ya kahawa ya leo iliamuliwa usiku ule.

Dele lina maadui watatu. Wa kwanza ni mafuta. Buni ina mafuta yake, nayo hujipaka kwenye ukuta wa chombo. Yakiachwa yanachacha, na pishi linalofuata linabeba ule ukakasi hata buni ikiwa mpya kabisa kutoka Kagera au Kilimanjaro. Wa pili ni chokaa. Maji yaliyopita kwenye mwamba huyeyusha sehemu yake. Yakichemshwa, chokaa ile hujitenga na kuganda chini kama ukoko mweupe. Ukoko huo huzuia moto usifike kwenye maji, mkaa ukaliwa bure. Wa tatu ni kutu ya kijani ya shaba, ambayo ni sumu. Ndiyo maana madele ya shaba hupakwa bati kwa ndani, na bati likichakaa chombo hupelekwa kwa fundi alipake upya kabla hakijapikiwa tena.

Maadui hawa wote wana tabia moja: wanapewa nguvu na muda. Mafuta yenye joto bado ni laini, hutoka kwa maji kidogo ya moto. Yakilala hadi asubuhi yanataka kusuguliwa, na kusugua kunataka maji mengi zaidi. Kwa hiyo ufundi wa kuosha dele hauko kwenye wingi wa maji. Uko kwenye kuuwahi wakati wake. Kikombe cha mwisho kikishamiminwa, mwoshaji hasubiri mazungumzo ya baraza yaishe. Anamwaga machicha, anatia maji ya moto, anasukasuka, anamwaga.

Hata katika kumwaga kuna hesabu. Tuseme chini ya dele kimebaki kijiko 1 cha kahawa nzito, na mkononi una vijiko 9 vya maji. Ukiyatia yote kwa mpigo, ukasukasuka na kumwaga mpaka kibaki kijiko kimoja, kahawa iliyosalia ni sehemu 1 kati ya 10 ya ile ya mwanzo. Maji hayohayo ukiyagawa mara 3, vijiko 3 kila mara, safari ya kwanza inabaki robo, ya pili robo ya robo, na ya tatu sehemu 1 kati ya 64. Maji hayakuongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni subira ya mkono. Anayeishi kwa maji ya dumu anaweza kuujua ukweli huu bila kuuandika popote.

Mdomo wa dele ni mwembamba na umepinda, kidole hakifiki. Hapo kijiti cha chelewa kinatosha. Ukoko wa chokaa haupigwi kwa kisu, maana kisu kitaondoka na bati. Unakamuliwa ndimu, unaachwa kidogo, na tindikali ya ndimu inaila chokaa huku ikitoa vipovu. Kisha chombo kinasuuzwa upesi, kwa kuwa tindikali ikikaa sana itaanza kula na bati. Nje, shaba inasuguliwa kwa ukwaju, au kwa ndimu na majivu yaliyochekechwa. Bahari ipo hatua chache tu na inashawishi, lakini chumvi yake ikikaukia juu ya shaba inaleta kijani. Aliyeanzia baharini lazima amalizie kwa maji matamu na kitambaa kikavu, kisha aliache dele wazi lipate hewa.

Jibondo wanaielewa nidhamu hii kwa namna yao. Ni kisiwa cha mafundi wanaounda majahazi na mashua kwa jicho na kumbukumbu, bila michoro, na chombo cha baharini nacho kinadai kutunzwa kwa wakati. Bamvua likipwa, chombo kimelala mchangani, tumbo lake linakwanguliwa, nyufa zinatiwa kalafati. Maji yakianza kujaa, muda umekwisha, umalize usimalize. Mafundi waliokulia kwenye kazi hiyo hawahitaji kuelezwa kwa nini dele huoshwa likiwa bado na joto.

Wala si mambo ya madele peke yake. Mwaka 1976 mhandisi Éric Favre wa kampuni ya Nestlé, Uswisi, alibuni mashine ya kahawa ya kikombe kimoja, na miaka 10 baadaye ikaingia sokoni kwa jina la Nespresso. Leo mashine za aina hiyo zipo katika nyumba za Dar es Salaam na Muscat. Zina umeme na pampu, lakini maadui wao ni walewale. Mafuta huganda kahawa inapotokea, chokaa huziba vijia vya maji, na dawa inayotumika sana kuondoa chokaa hiyo ni tindikali ileile iliyomo ndani ya ndimu. Mwenye mashine naye anapaswa kupitisha maji matupu ya moto mara tu baada ya kunywa, asisubiri mpaka kahawa ianze kutoka kwa kudondoka.

Kwa hiyo ninaona tumekosea mpangilio wa kufundisha. Kijana hukabidhiwa buni na moto kwanza, kisha kuosha kunaachiwa yeyote aliye karibu. Aanze na kuosha. Akishajua dele safi lina harufu gani likiwa tupu, ataitambua kahawa iliyoharibika kabla haijamfikia mzee barazani. Akishajifunza kusafisha kwa vijiko 9 vya maji, hatamwaga ndoo nzima hata siku atakapohamia mji wenye bomba. Na wageni wakisifu kahawa, mpishi aitaje mikono iliyoosha dele, maana nusu ya sifa hiyo ni yake.