Tunasifu Chungu, Tunasahau Moto

Kila mara tunapoandika ju ya chakula cha wazee wetu, tunakisifu. Tunasema kilikuwa na nguvu, kwamba wazee walishiba nacho na baridi haikuwaweza. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini siku ya sherehe tunafanya nini? Mwezi mmoja wa saba tulialikwa kwenyi sherehe ya utamaduni, huku juu ya Lubero, siku ya ukungu ambao haukuondoka mpaka saa tano. Ngoma zilipigwa, hotuba zilisomwa (ndefu kidogo), halafu mezani wakaleta wali mweupe, mikate na vinywaji baridi vya chupa. Pembeni waliweka bakuli moja ya maharagi na kikaratasi: «Chakula cha asili». Yalikuwa yamepoa kabisa. Hakuna aliyeyagusa, na kusema kweli hata sisi hatukuyagusa.

Tangu siku ile tunajiuliza: kile kilikuwa chakula cha asili, ama picha yake tu?

Kwa maana chakula chenyewe kilikuwa zaidi ya bakuli. Kilikuwa kazi ya moto wa usiku mzima. Kwenyi vilima vya Masereka, Luotu na Kipese, nyumba ilipata joto kwa mafiga matatu. Moto ulikuwa wa kuota kwanza, kupika kulifuata. Mama aliinjika chungu cha maharagi na mahindi mazima jioni. Watu walikaa, walisimulia, walilala, na chungu kilibaki juu ya kaa. Asubuhi maharagi yalikuwa laini, mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila mafuta mengi. Waliongeza viazi, ama ndizi mbichi, ama majani ya maharagi yenyewe, na mtu alikwenda shambani akalima mpaka saa nane bila kulalamika njaa. Kuni za kupika hazikuhesabiwa, kwa sababu moto ungewaka hata bila chungu.

Njo hapa wengi wetu tunakosea tunapoandika. Tunasema mama wa leo amekuwa mvivu, anapenda wali ju ni wa haraka. Mama mmoja wa Butembo alitujibu: «Mwalimu, ile maharagi yako iko muzuri, lakini makala ya kuipikisha ni wewe utanitumia?» Tulinyamaza. Kwa urefu wa mita 2000 maji huchemka karibu na digrii 93, si 100 kama tunavyofundisha darasani, na kwa hiyo maharagi makavu huku kwetu yanakawia kuiva kuliko kule chini. Saa tatu kwenyi mbabula ni makala mengi ya kununua. Tena mbabula haiwezi kuachwa inawaka usiku ndani ya nyumba iliyofungwa: makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na familia inaweza kulala isiamke. Mafiga nayo yalikuwa na ubaya wake, macho mekundu na kifua cha kukohoa. Hatutaki kuyarudisha kwa wimbo.

Kosa lingine ni la sisi walimu. Tuliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba maharagi ni «nyama ya maskini», na tulidhani tunayasifu. Mtoto alisikia neno moja tu: maskini. Hatukumwambia habari ya nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo halisagi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate gramu 25 hivi kwa siku. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zinatoa zaidi ya 6. Wali mweupe wa uzito ule ule hautoi hata 1. Nyuzinyuzi zinafanya chakula kitembee polepole, tumbo likae limejaa, na chooni mambo yaende vizuri (wazee wanaokula mikate na chai wanajua tunachosema).

Na tuache kuandika «tangu mababu wa kwanza». Maharagi haya, mahindi, viazi, hata muhogo, vyote asili yake ni Amerika, na Afrika haikuvijua kabla ya Wazungu kuvuka bahari mwishoni mwa karne ya 15. Cha zamani kweli ni ulezi, obulo kwa Kinande, na mtama. Lakini ulezi ndio tunaouona kwa nadra mezani, na hatuandiki juu yake.

Sasa moto tutautoa wapi? Kuloweka maharagi usiku kucha kunapunguza muda wa jikoni, na haigharimu kitu. Ununue maharagi mapya, maana yaliyokaa sana kwenyi joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi vizuri hata ukimaliza makala yote. Wengine hutumia maji ya majivu yaliyochujwa: yanalainisha haraka, ila yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo kidogo tu. Njia tunayoipenda zaidi ni kikapu. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nguvu kama nusu saa, funika sufuria, izungushie majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu ndani ya kikapu kikubwa, uache usiku. Asubuhi yanataka moto kidogo tu wa kumalizia. Lakini usiruke kule kuchemsha kwa nguvu: maharagi mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, na joto la vuguvugu haliiondoi.

Jambo hili si la sherehe tu. Tangu vita vilipofika kusini mwa Lubero mwaka wa 2024, tumeona nyumba iliyopika kwa ajili ya watu sita ikipika kwa ajili ya kumi na wanne, wenyeji na waliokimbia, kwenyi mbabula ile ile moja. Pale swali la chakula kinachoshibisha katika baridi linaulizwa kila jioni, na hakuna anayeuliza kama ni cha asili.

Kwa kamati tumependekeza jambo moja: sherehe ijayo, moto uwashwe jana yake, chungu kiinjikwe mbele ya vijana, wasichana na wavulana, na wageni wapewe maharagi kabla ya hotuba, yakiwa bado na mvuke. Kuni tutaleta wenyewe. Jibu bado hatujapata.