Kinachovuka Mto

Mwalimu aliandika swali moja ubaoni, akaiweka chaki mezani. "Mtu akivuka Ruvuma kwenda ng'ambo, kitu gani chake hakivuki naye?" Kisha akanyamaza.

Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma katika shule ya msingi ya kijiji kimoja mkoani Mtwara, upande wa mlango wa Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, kwenye njia inayotelemka kwenda kivuko cha Kilambo. Mwalimu aliniomba nisimtaje, wala shule yake. Kipindi kilikuwa cha Uraia na Maadili, Darasa la Sita, na mada kwenye andalio lake la somo ilikuwa haki za binadamu. Neno hilo hakulitamka kwa muda mrefu.

Kimya kilikaa. Mwalimu mwingine angekiogopa, angekijaza kwa maelezo. Huyu alikiacha kiive. Mkono mmoja ukanyanyuka: "Shamba." Mwingine: "Mikorosho." Nyumba. Kaburi la babu. Mtoto mmoja akasema laini ya simu, maana ukishavuka haishiki, na wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka, akaiandika chini ya kaburi kwa herufi zilezile nzuri.

"Na kinachovuka naye?"

Hapo walikawia zaidi. Nguo. Njaa. Lugha, kwa sababu Kimakonde cha ng'ambo ni hikihiki. Jina. Halafu msichana wa dawati la dirishani akasema kwa sauti ya kutaka kujirudi, "Heshima yake." Mwalimu hakusema "vizuri sana". Alimtazama kama mtu mzima mwenzake, akauliza, "Akifika kule, yupo anayeweza kumnyang'anya?" Msichana akafikiri, akasema askari anaweza. "Askari akimnyang'anya, je, tuseme sasa hana heshima, au tuseme amedhulumiwa?"

"Amedhulumiwa," darasa zima likajibu, na lilijibu kwa hasira kidogo.

Ndipo alipofungua kitabu. Aliwaambia kwamba tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, mataifa yalikubaliana juu ya jambo hilohilo walilolisema sasa hivi, yakaliandika katika tamko la vifungu 30. Akawaambia Katiba yetu ya mwaka 1977 iliingiziwa sehemu ya haki mwaka 1984, na kwamba ibara ya 12 inaanza na usawa wa binadamu. Watoto waliandika kwa utulivu wa watu wanaonakili maneno yao wenyewe.

Mimi nilifundishwa haki kwa kukariri. Tuliimba orodha, haki ya kuishi, haki ya kuabudu, haki ya kumiliki mali, na kwenye mtihani nilizipata zote. Wiki ileile mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, akatoka na daftari lake kwapani, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba orodha ile ilikuwa inamhusu. Kwa hiyo najua uzito wa anachokifanya mwalimu huyu. Anaanza na kitu ambacho mtoto anakijua vizuri kuliko yeye, halafu anakigeuza polepole mpaka mtoto aone upande ambao hakuwahi kuutazama.

Siku nyingine alikuja na kopo na korosho. Kila mtoto wa Mtwara anaijua kangomba, ule ununuzi wa kificho wa kumfuata mkulima mwenye shida kabla ya msimu na kumpimia kwa kipimo cha mnunuzi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza hapa mwaka 2007, ulikusudiwa kuziba mwanya huo, lakini shida haisubiri mnada. Mvulana mmoja akawa mnunuzi, msichana mmoja akawa mama anayetafuta sare ya mwanawe. Mvulana alijaza kopo hadi likawa na kichuguu, akalipa nusu. Mwalimu aliwasimamisha palepale: "Mama huyu amekubali. Je, alikuwa na nguvu ya kukataa?" Walibishana hadi kengele. Nimesoma vitabu vizito juu ya uhuru wa kukubaliana ambavyo havikunifikisha walipofika watoto wale kwa kopo moja.

Lakini ufundi wake mkubwa hauko kwenye maswali. Uko kwenye namna anavyoitikia. Wanamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye "marahaba" yake haiwi ya kupita. Anaitoa akimtazama mtu. Anayekosea jibu haaibishwi, anaulizwa ameliona kutoka wapi. Desmond Tutu alisimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto Afrika Kusini alimwona padri Mzungu akivua kofia kumwamkia mama yake, mwanamke Mwafrika asiye na cheo, na hakulisahau. Padri huyo, Trevor Huddleston, baadaye alikuja kuwa Askofu wa Masasi, mkoani humuhumu, kuanzia 1960 hadi 1968. Namtaja kwa sababu kofia ile ilifundisha kabla ya kifungu chochote kusomwa.

Kwa uraia wa dunia, neno ambalo katika vitabu huelea angani, mwalimu huyu ana Ruvuma. Anawasimulia Mueda, mji wa Wamakonde ng'ambo, ambako tarehe 16 Juni 1960 Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka huku kwetu Tanganyika, walikwenda kudai haki za watu wao mbele ya mtawala wa Kireno, na umati uliokusanyika ukapigwa risasi. Vita vya ukombozi vikaanza mwaka 1964, wakimbizi wakavuka kuja upande huu, na Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Katika darasa hili yapo majina ya ukoo yaliyovuka wakati huo.

Kisha anafika pagumu, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo, walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Machi 2021 mji wa Palma, kulekule ng'ambo, ukavamiwa, watu wakakimbia. Mwaka huohuo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema maelfu ya Wamsumbiji walioingia kwetu walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja. Kifungu cha 14 cha tamko lile la 1948 kinasema mtu anayeteswa ana haki ya kutafuta hifadhi. Mvulana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi naogopa. Na kama wamo wabaya ndani yao?"

Ingekuwa rahisi kumsomea kifungu. Mwalimu alimwambia hofu yake ni ya kweli, na kwamba naye usiku ule wa Kitaya hakulala. Akaandika ubaoni HOFU, akapiga mstari, upande wa pili akaandika HIFADHI, akawauliza mlinzi mwema wa mpakani angeuliza maswali gani ili asimfungie mlango mwenye kukimbia wala asimfungulie muuaji. Walitunga maswali kumi na moja. Kufuta ubao alikataa siku ile.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumwuliza mzee yeyote aliyewahi kuvuka. Asubuhi yake msichana wa dirishani alisimama wa kwanza. Bibi yake alivuka usiku, mimba tumboni, akafikia kwa watu asiowajua, wakampa uji wa muhogo na mkeka.

"Walimwuliza karatasi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Walimwuliza nini?"

"Kama amekula."

Mwalimu akaiweka chaki mezani, akanyamaza, akingoja mkono unyanyuke.